Tumbo la mbwa kuvurugika baada ya kubadilishiwa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliwahi kusimama mlangoni saa tisa usiku, tochi mkononi, nikimsubiri mbwa wangu amalize kuchuchumaa kwa mara ya nne. Alikuwa jike wa miaka mitano, mzima wa afya, hajawahi kuugua tumbo. Jana yake asubuhi nilikuwa nimemmiminia bakuli zima la chakula kipya, kizuri kuliko cha zamani, nikiamini namtendea wema. Chakula hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kasi yangu. Tangu hapo kila anayeniuliza kuhusu jambo hili nimemjibu kwa kirefu, na majibu hayo ndiyo niliyoyakusanya hapa.

Kama chakula kipya ni kizuri, mbona tumbo limekikataa?

Halijakikataa, halijakizoea. Mbwa anayekula chakula kimoja miezi nenda miezi rudi ana utumbo uliojipanga kwa chakula hicho. Kongosho lake humwaga vimeng'enya kwa kadiri ya mafuta, protini na wanga anavyopata kila siku. Bakteria walioshamiri kwenye utumbo mpana ni wale wanaoishi kwa mabaki ya chakula hicho hicho. Ukibadilisha ghafla, sehemu ya mlo mpya hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa ipasavyo, na ikifika utumbo mpana huvuta maji. Bakteria nao huichachusha. Maji yakizidi na gesi ikajaa, ndipo unaposikia ngurumo ukilaza sikio ubavuni mwake, na asubuhi unakuta kinyesi cha ujiuji.

Watu huniambia, "Mbona mimi nakula hiki leo na kile kesho, sipati shida?" Ni kwa sababu tumbo lako limezoea kubadilishiwa. Mbwa aliyelelewa kwa vyakula mchanganyiko naye huvumilia zaidi. Aliyekula punje za aina moja tangu utotoni hana mazoezi hayo.

Tofauti ipi kati ya vyakula viwili inasumbua zaidi?

Mafuta, bila shaka. Kumtoa mbwa kwenye chakula chenye mafuta kidogo na kumpeleka kwenye chenye mafuta mengi ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na kwa wengine huamsha uvimbe wa kongosho. Huo si kuharisha tu. Mbwa hutapika tena na tena, anakataa kula, tumbo linamuuma ukilishika, na pengine anainamisha kifua hadi chini huku makalio yakibaki juu, kama anayejinyoosha lakini hainuki. Ukimwona hivyo usisubiri kesho. Miniature Schnauzer ni miongoni mwa mbwa wanaojulikana kwa udhaifu huo, ila mbwa yeyote anaweza kupatwa.

Baada ya mafuta zinakuja nyuzinyuzi, kisha unyevu: chakula kikavu kina maji kama asilimia 10, cha kopo kina asilimia 75 hadi 80. Wanga husingiziwa mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za jeni AMY2B, inayohusika na kumeng'enya wanga, kuliko mbwa mwitu. Wali au viazi vilivyoiva vizuri si adui wa mbwa wako.

Nichanganye kwa siku ngapi?

Siku 7 hadi 10 kwa mbwa wa kawaida. Tuseme anakula gramu 300 kwa siku. Siku tatu za mwanzo mpe gramu 225 za chakula cha zamani na 75 za kipya. Siku ya nne hadi ya sita, 150 kwa 150. Siku ya saba hadi ya tisa geuza, 75 za zamani na 225 za kipya. Siku ya kumi anakula kipya kitupu. Koroga vichanganyike kabisa, maana mbwa mjanja huchambua punje moja moja akaacha zile asizozipenda, na hesabu yako inakuwa kazi bure.

Tarehe kwenye kalenda si sheria. Kinachoamua ni kinyesi. Kikilainika ulipofika nusu kwa nusu, rudi kwenye robo, kaa hapo siku mbili tatu mpaka kikaze, ndipo upande tena. Mbwa mwenye historia ya tumbo bovu nampa wiki mbili au tatu, nikianza na sehemu moja tu kati ya kumi. Anayenicheka kwa uvumilivu huo hajawahi kufua zulia saa tisa usiku.

Nampimia kwa kikombe kile kile cha zamani. Kuna ubaya?

Upo, na ni kosa ambalo nimeliona likilaumiwa kwa chakula kisicho na hatia mara nyingi kuliko jingine lolote.

Vyakula viwili vya ukubwa mmoja wa punje vinaweza kutofautiana sana kwa nguvu. Kimoja kinaweza kuwa na kilokalori 330 kwa gramu 100, kingine 420. Mbwa wa gramu 300 kwa siku alikuwa anapata 990. Ukimpimia uzito ule ule wa kile cha pili, anapata 1,260. Hiyo ni zaidi ya robo nzima juu ya alichozoea, kila siku, na mbwa aliyelishwa kupita kiasi hutoa kinyesi kilaini hata kama chakula ni bora kiasi gani. Ili abaki pale pale anahitaji takriban gramu 236 tu. Upande wa pili, chakula cha kopo mara nyingi huwa na kilokalori kama 100 kwa gramu 100, kwa hiyo mbwa huyo huyo atahitaji karibu kilo moja.

Namba hizi huandikwa kwenye mfuko, kwa maandishi madogo. Zisome kabla ya kuufungua, kisha pima kwa mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya: kijaze mara tatu, upime kila mara, utapata uzito tofauti mara zote tatu.

Ameshaanza kuharisha. Nifanye nini leo?

Kwanza mwangalie mbwa, siyo kinyesi. Anakuja ukimwita? Anatikisa mkia? Anataka kula? Mbwa mzima anayeharisha lakini macho yake yako vilevile ana nafasi kubwa ya kupona mwenyewe ndani ya siku moja au mbili.

Halafu mkague maji mwilini. Inua mdomo wa juu, gusa ufizi. Unapaswa kuwa na utelezi, siyo kunata kama gundi iliyoanza kukauka. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, uhesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kisha shika ngozi katikati ya mabega, ivute juu, iachie. Ikirudi mara moja ni vizuri, ikibaki imesimama kama hema au ikirudi kwa kujivuta, ana upungufu wa maji na anahitaji daktari wa mifugo. Kwa mbwa mzee au aliyekonda ngozi hukawia kurudi hata akiwa salama, kwa hiyo hapo amini ufizi zaidi. Na mbwa mwenye ufizi mweusi kwa asili mwangalie sehemu ya ndani ya kope ya chini.

Chakula cha zamani kikiwepo, mrudishie hicho kitupu mpaka choo kikaze, kisha uanze upya polepole. Kikiwa kimekwisha, mchemshie kuku bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, na usitie kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Changanya na wali mweupe uliolainika sana, sehemu moja ya nyama kwa mbili za wali. Gawa katika milo midogo minne hadi sita kwa siku. Siku mbili tatu zinatosha, kisha anza kuingiza chakula chake kamili kidogo kidogo. Usimwache kwenye kuku na wali kwa wiki nyingi: hakuna kalisi ya kutosha humo, wala madini mengine kadhaa.

Maji safi yawepo muda wote. Kama anayabugia kisha anayatapika, mpe kidogo kidogo, mara kwa mara.

Nimnyime chakula siku nzima ili tumbo lipumzike?

Ushauri huo ni wa zamani na bado unazunguka. Kwa kuharisha peke yake hakuna haja: seli za ukuta wa utumbo hujilisha kwa chakula kinachopita humo, na kuzinyima ni kuchelewesha kupona. Kama anatapika, mbwa mzima mwenye afya anaweza kuruka mlo mmoja, saa chache hadi 12, kisha aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula chepesi. Mtoto wa mbwa, mbwa wa umbo dogo sana na mwenye kisukari wasifungishwe hivyo kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu sukari yao ya damu huweza kuporomoka.

Kinyesi kinaniambia nini?

Mengi, na naomba usione kinyaa kukitazama. Kikiwa kingi, cha majimaji, na mbwa anaenda mara tatu nne tu kwa siku, mara nyingi shida iko utumbo mwembamba. Kikiwa kidogo kidogo, chenye utelezi kama makamasi, na mbwa anachuchumaa kila baada ya muda mfupi akijikamua, basi utumbo mpana ndio umewashwa. Hali hii ya pili inatisha kwa macho kwa sababu pengine huonekana mchirizi mwembamba wa damu mbichi mwishoni. Mchirizi mmoja kwa mbwa mchangamfu ni wa kumpigia daktari simu na kumweleza. Damu nyingi ya ghafla, yenye utelezi kama jamu nyekundu, ni ya kumkimbiza sasa hivi.

Kinyesi cheusi, kinachong'aa na kunata kama lami, kina damu iliyomeng'enywa kutoka juu, tumboni au utumbo mwembamba. Hicho nacho hakisubiri.

Kimebadilika rangi lakini ni kigumu cha kawaida. Niogope?

Hapana, isipokuwa kikiwa cheusi kama nilivyoeleza, chekundu au cheupe. Viungo na rangi za chakula kipya hubadili rangi ya kinyesi.

Ni lini niache kusubiri?

Kuharisha kukipita saa 48 bila nafuu, mpeleke. Kabla ya hapo, mpeleke iwapo anaharisha na kutapika kwa pamoja, amelala tu hataki kuinuka, hanywi maji, ana damu nilizozitaja, ufizi umepauka au unanata, au joto la mwili limepita nyuzi 39.5. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39.2, kwa hiyo usimlinganishe na joto la mwanadamu ukadhani ana homa. Mbwa mzee, mwenye ujauzito, au mwenye ugonjwa wa figo, ini au kisukari, mpe saa chache tu, siyo siku.

Jambo moja nalitenga peke yake: tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, mbwa anajikamua kutapika na hakitoki kitu, hatulii, udenda unamtoka. Hapo tumbo limejaa hewa na huenda limejipinda. Hutokea zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama Great Dane na German Shepherd, na huua kwa saa chache. Usisome zaidi, ondoka naye.

Ni mtoto wa mbwa, nimemchukua wiki hii. Kanuni ni hizo hizo?

Kwa kuchanganya, ndiyo. Mwombe aliyekupa akufungashie chakula alichokuwa akila, cha siku kumi, na siku za kwanza umpe hicho kitupu. Ametengana na mama, nyumba ni mpya, harufu ni mpya, maji ni mapya. Hofu peke yake huweza kumharisha mbwa, hata mkubwa. Usimwongezee chakula kipya juu ya hayo yote.

Kwa kusubiri, hapana. Mtoto wa mbwa hukaukiwa maji haraka mno. Na kuna virusi vya parvo, ambavyo huanza kwa unyonge na kukataa kula, kisha kutapika na kuharisha, mara nyingi kwa damu na harufu kali isiyosahaulika. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afike wiki 16 au zaidi. Kabla hajamaliza mfululizo huo hana kinga ya kutegemea. Inaniuma kila ninaposikia mtu akisema, "Nilidhani ni chakula tu," baada ya siku tatu za kusubiri. Kwa mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha, daktari ndiye aseme kuwa ni chakula tu, siyo wewe, siyo mimi.

Nimpe dawa ya kuharisha iliyoko kabatini?

Usimpe. Loperamidi inaweza kuwa sumu ya ubongo kwa Collie na mbwa wengine wa jamii ya wachungaji wenye mabadiliko ya jeni MDR1, na kwa mbwa yeyote inaweza kuzuia kutoka kile ambacho mwili unajaribu kukitoa. Ibuprofeni na parasetamoli za maumivu ni hatari zaidi. Wala usitafute antibiotiki zilizobaki: kwa tumbo lililovurugwa na chakula, zinaua bakteria wale wale unaotaka watulie.

Vipi probiotiki, au boga?

Probiotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa, zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, mara nyingi zenye bakteria aitwaye Enterococcus faecium, zinaweza kufupisha kuharisha kidogo, na ni salama kwa mbwa wengi. Mimi huanza siku chache kabla ya kubadili chakula. Boga lililochemshwa likapondwa, bila sukari wala viungo, kijiko kimoja cha chai kwa mbwa mdogo hadi vijiko viwili vya chakula kwa mkubwa, husaidia kukaza choo kwa nyuzinyuzi zake. Kuzidisha huleta yale yale unayoyakimbia.

Na maziwa ya kutuliza tumbo?

Hapana. Mbwa wengi wakishaacha kunyonya hubaki na kimeng'enya kidogo cha sukari ya maziwa. Utamwongezea kuharisha.

Haharishi, ila anarudisha chakula kipya dakika chache baada ya kula.

Mtazame anavyokirudisha. Mbwa anayetapika hujikamua, tumbo linaingia na kutoka kwa nguvu, na kinachotoka kimeanza kulainika, pengine kina majimaji ya njano. Anayecheua hafanyi kazi hiyo: anainamisha kichwa tu, punje zinatoka nzima, mara nyingi zikiwa zimeshikamana kama gogo. Kucheua kwa namna hiyo mara nyingi kunatokana na kula kwa pupa, na chakula kipya chenye harufu tamu huongeza pupa. Tandaza punje kwenye sinia pana au uzigawe mafungu matatu. Ikiendelea zaidi ya siku mbili, hiyo ni habari ya umio, na daktari anahitaji kuisikia. Mpige picha ya video akiwa kwenye tendo lenyewe. Itamsaidia kuliko maelezo yako yote.

Je, inawezekana ana mzio wa chakula hiki?

Inawezekana, lakini kuharisha siku ya pili si dalili yake kuu. Mzio wa kweli unataka mwili uwe umekutana na protini hiyo kabla, na kwa mbwa hujitokeza zaidi kwenye ngozi: kujikuna mwaka mzima, kulamba makucha, masikio yanayouma kila mara. Vinavyotajwa sana ni nyama ya ng'ombe, bidhaa za maziwa na kuku. Kuuthibitisha ni kazi ya subira: mbwa hulishwa protini moja asiyowahi kula, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa, kwa wiki zisizopungua 8, bila hata kipande cha kitu kingine, kisha hurudishiwa chakula cha zamani kuona kama dalili zinarudi. Anayebadilisha mfuko kila wiki akitafuta "usio na mzio" anamharibia mbwa tumbo na kujifungia njia ya kupata jibu.

Daktari ameniambia nibadilishe leo leo, bila kuchanganya. Nimsikilize?

Ndiyo. Kuna vyakula vya tiba ambavyo faida yake inazidi kero ya siku mbili za choo laini, na daktari anajua sababu yake. Vilevile usichanganye kamwe kama chakula cha zamani kimeota ukungu, kinanuka mafuta yaliyochacha, au mtengenezaji ametangaza kukiondoa sokoni. Nafaka zenye ukungu huweza kubeba sumukuvu inayoharibu ini. Mbwa aliyekula chakula kama hicho akiwa mnyonge na ufizi au weupe wa macho yake umegeuka njano, hilo ni la dharura.

Wiki mbili zimepita, nimefuata yote, na bado choo ni laini. Sasa?

Sasa tuache kukishtaki chakula. Minyoo, vimelea vidogo vya utumbo viitwavyo jiadia, kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha na uvimbe wa kudumu wa utumbo vyote huweza kuonekana kwa mara ya kwanza katika juma lile lile ulilofungua mfuko mpya, na ukadhani umepata mkosaji. Usijaribu chakula cha tatu. Nenda kwa daktari.

Nibebe nini nikienda?

Kinyesi kibichi cha siku hiyo, kiasi cha kijiko kimoja, kwenye chombo kisafi chenye kifuniko. Kama safari ni baada ya saa kadhaa, kiweke kwenye jokofu, siyo kwenye barafu. Piga picha za mifuko yote miwili, upande wa viungo na ule wenye namba ya toleo. Andika tarehe uliyoanza kubadilisha, gramu ulizompa kila siku, na kila kitu kingine kilichopita mdomoni mwake, pamoja na kile ambacho watoto walimpa chini ya meza. Swali hilo la mwisho waulize watoto kabla hamjatoka nyumbani, na uwaulize kwa upole, ili wakuambie kweli.